Sifa Niliyoitoa Bila Kuuliza

Nataka kuwaandikia habari iliyonipata katika usharika, nami nimeiwaza miezi mingi kabla ya kushika kalamu. Ilianza kwa furaha, tena mimi mwenyewe ndimi niliyeianzisha.

Mama mmoja wa upande wetu huu wa Makumira alikuwa mnene sana tangu ujana wake. Magoti yalimwuma, na katika kuja kanisani alipumzika njiani mara tatu au nne. Kisha hatukumwona kwa muda. Tuliambiwa amekwenda kwa ndugu zake, mbali. Aliporudi alikuwa amepungua kidogo, na kila mwezi akazidi kupungua, hata baada ya mwaka mmoja mtu aliyemwona kwa nyuma hakumtambua. Basi, siku ya akina mama nalisimama mbele ya watu wote nikasema, Mtazameni mama huyu. Amefunga, amelitawala tumbo lake, nanyi mwaweza kufanya vivyo hivyo. Vigelegele vikapigwa. Yeye aliinamisha kichwa, nami nikadhani ni unyenyekevu.

Siku ya tatu alinijia nyumbani. Alikataa chai, akasema, "Mchungaji, umenisifu kwa jambo nisilolitenda. Mimi sikufunga. Nilikatwa tumbo hospitalini. Sasa nifanye nini? Nikinyamaza nimekuwa mwongo mbele ya kanisa, na nikisema nitakuwa hadithi ya kila kisima."

Huenda wengine kati yenu hawajapata kusikia habari za upasuaji huu, basi sharti nieleze. Si jambo la jana. Mwaka 1966 daktari Edward Mason, wa Chuo Kikuu cha Iowa huko Marekani, alianza kuwapasua watu wanene na kuwafanyia mfuko mdogo wa chakula, na kutoka hapo chakula hupita njia iliyofupishwa. Tangu wakati huo njia nyingine zimepatikana. Iliyo ya kawaida zaidi siku hizi ni kuondoa sehemu kubwa ya mfuko wa chakula, yapata robo tatu au kupita, na kuacha kipande chembamba, ambacho madaktari hukilinganisha na ndizi; nasi watu wa Meru hatuhitaji kuelezwa ndizi ni kitu gani. Kuna na wale wasiokatwa: huko Mloganzila, Dar es Salaam, katika Hospitali ya Taifa Muhimbili, watu wamewekewa puto ndani ya tumbo, nalo huondolewa baada ya muda.

Wala mtu asidhani kwamba ni kazi ya urembo tu. Unene uliopita kiasi huandamana na kisukari, na shinikizo la damu, na maradhi ya moyo. Huko Uswidi, tangu mwaka 1987, madaktari waliwafuata watu 2,010 waliopasuliwa na wengine 2,037 wanene kama wao wasiopasuliwa. Habari yao ilipotolewa mwaka 2007, baada ya kufuatwa miaka kumi na zaidi kwa wastani, waliokufa katika wale wa kwanza walikuwa 101, na katika wale wa pili 129. Tofauti hiyo si kubwa kama mtu angetamani, walakini ni watu, na kila mmoja ana nyumba yake.

Tena liko jambo lililonishangaza kuliko hesabu hizo. Ile sehemu ya tumbo inayoondolewa ndiyo inayotoa kwa wingi kichocheo kiamshacho njaa, ambacho wataalamu wa Japani walikitambua mwaka 1999 wakakiita grelini. Nalipomweleza mama yule habari hii, niliyoisoma baadaye, alikaa kimya kitambo, kisha akasema, "Majuma yale ya kwanza niliamka asubuhi nikasikia kimya ndani yangu. Sikuwahi kukisikia tangu nizaliwe. Zamani nilidhani watu wote wana njaa kama yangu, ila wao ni hodari kuliko mimi."

Maneno hayo yamenifanya nifikiri upya mambo mengi niliyokwisha kuyahubiri. Maana mimi ni mwembamba, na baba yangu alikuwa mwembamba, wala sikumbuki siku hata moja niliyopigana vita na sahani. Nalimhesabia udhaifu mtu aliyekuwa akibeba mzigo nisioujua, na wepesi wangu nikauita wema.

Tuseme wazi. Upasuaji wa namna nyingine hatuuonei haya. Mzee akipasuliwa ngiri twampelekea maziwa, wala hapana amwulizaye kwa nini hakuomba tu. Huu tunauonea haya kwa sababu tumeuhesabu unene kuwa ni ulafi ulioandikwa juu ya mwili. Lakini Gregorio Mkuu, askofu wa Rumi aliyefariki mwaka 604, alipoupima ulafi alizitaja njia tano: kula kabla ya saa yake, kutaka vyakula vya thamani, kutaka vilivyopikwa kwa madoido, kula kupita kiasi, na kula kwa pupa. Katika hizo tano ni moja tu inayohusu wingi! Mtu mwembamba amkaripiaye mkewe kwa sababu mchuzi hauna kitunguu cha kutosha ni mlafi kamili, hata kama mbavu zake zahesabika. Nami nakiri kwamba nimewahi kukaa katika ibada ndefu ya mazishi nikiwaza supu.

Naye Augustino wa Hipo, Mwafrika mwenzetu, katika kitabu cha kumi cha Maungamo yake asema kwamba amejifunza kukitwaa chakula kama dawa, na hata hivyo katika njia ile fupi ya kutoka njaa kufikia shibe raha humvizia, asijue kama anaulisha mwili au anaitumikia tamaa. Tena aliona kwamba jambo hili haliachwi mara moja kwa daima, kama mtu awezavyo kuacha mambo mengine. Mlevi aweza kuapa asiguse pombe tena. Mwenye vita na chakula sharti akutane na adui yake mara tatu kwa siku, amkaribishe mezani, amwambie: njoo, lakini kidogo.

Na hilo kidogo ni kazi, ndugu zangu. Mtu asidhani kwamba kisu kikisha kukata, mambo yamekwisha. Majuma ya kwanza mama yule aliishi kwa vitu vya majimaji, kisha vilivyopondwa, mtori uliochujwa na maharage yaliyosagwa, ndipo akaanza vigumu kidogo kidogo. Hata leo hali na kunywa pamoja. Akisha kula hungoja yapata nusu saa ndipo anywe maji, naye huyanywa kwa mafunda madogo. Nyama asipoitafuna sawasawa humkwama chini ya kifua. Ugali humlemea upesi. Chai yenye sukari nyingi humtoa jasho na kuuendesha moyo mbio, na wengi waliopasuliwa wanalijua jambo hilo. Sharti aanze na mayai, au samaki, au maharage, kwa kuwa nafasi ni ndogo na mwili wahitaji vya kujenga kwanza. Tena anameza vidonge vya vitamini, na vya madini ya chuma, na vya chokaa ya mifupa, na ameambiwa avimeze maisha yake yote na kupimwa damu kila baada ya muda, maana tumbo lililopunguzwa haliwezi kumpa yote. Mwezi wa nne nywele zilimtoka kwa vipande, akalia, baadaye zikaota. Ngozi ya mikono yake yaning'inia. Wala hakuahidiwa kwamba uzito hautarudi, kwani kwa wengine hurudi kiasi baada ya miaka, wasipojiangalia na hata wakijiangalia.

Haya yote aliyachukua. Yaliyomshinda ni sisi. Kwetu mgeni asiyekula ni mgeni aliyeikataa nyumba. Katika arusi moja huko Usa River shangazi yake mzee alimwekea sinia ya ndizi na nyama, akasema, "Kula, mwanangu, umekonda mno, nani amekuroga?" Akala ili kumheshimu mzee, kisha akaenda nyuma ya migomba akatapika yote. Na mnong'ono ulikuwa umekwisha kumtangulia. Tangu mwaka 1983, wagonjwa wa kwanza wa ukimwi walipojulikana katika nchi yetu, kule Kagera, tumejifunza kumwogopa mtu anayepungua. Dawa zimepatikana, nao wanaozimeza huishi na kunenepa kama wengine, lakini jicho letu halijabadilika. Aliniambia, "Nilipokuwa mnene mlinicheka. Nilipopungua mmenizika."

Sasa nirudi kwenye swali lake. Nalimjibu siku ile upesi mno. Nalimwambia anyamaze, kwa kuwa mwili wake ni wake, wala soko la Tengeru halina haki ya kuusoma kama barua. Nalimwambia tena kwamba sifa yangu haikuwa uongo mtupu, maana kazi aifanyayo kila siku mezani yashinda kufunga kwangu kote. Akanitazama. "Usiyageuze maneno, Mchungaji. Ulisema nimefunga."

Alikuwa amesema kweli, nami sikutaka kuisikia. Yapata majuma matano baadaye, siku ya Jumamosi, mjane mmoja alianguka sokoni. Ni mgonjwa wa kisukari, ameza vidonge vya kushusha sukari. Alikuwa ameyasikia maneno yangu ya siku ya akina mama, akaazimu kumfuata mwenzake: siku mbili hakula kitu, ila vidonge akavimeza kama kawaida. Sukari ikashuka mno. Watu walimchukua hospitalini akiwa hajui kitu, na kwa neema akapona. Nilipoketi kando ya kitanda chake alisema, kana kwamba anaomba radhi, "Mimi sina nguvu kama za yule mama."

Ndugu, usiku ule sikulala. Nalipomshauri mama yule anyamaze nalidhani namlinda yeye, kumbe nalikuwa najilinda mwenyewe, nisisimame mbele ya watu na kusema, nalisema nisilolijua.

Naona kwamba tumezoea kuchanganya vitu viwili. Siri ni kitu kikaacho katika nyumba ya mwenyewe. Hakuna aliye na deni la kuifungua, wala kwa mchungaji, wala kwa wazee, wala kwa jirani. Mama yule hakuwa mwongo siku aliporudi na kutosema kitu. Hakuwa mwongo alipomjibu shangazi kwamba yu mzima. Lakini mtu mwingine akisha kuegemea jambo tusilolisema kama mtu aegemeavyo nguzo ya nyumba, nasi twajua kwamba nguzo ile haimo ardhini, hapo kimya si siri tena. Na je, ikiwa aliyeisimamisha nguzo ile ni mwingine, yaani mimi? Nasema mzigo wa kwanza ni wa aliyeisimamisha. Mama yule hakubali neno hili. Asema nusu ni yake, kwa kuwa siku ile alipokea vigelegele akaketi. Tumebishana juu ya jambo hili mara nyingi, wala hatujapatana.

Alikwenda kwa mjane yule kabla yangu. Alimwonyesha makovu matano madogo tumboni, akamweleza habari yote, akamwambia asithubutu kuacha kula na huku anameza dawa. Jumapili iliyofuata mimi nalisimama nikalirudisha neno langu. Sikutaja upasuaji, kwa kuwa haukuwa wangu kuutaja. Nalisema tu kwamba niliyoyasema siku ya akina mama sikuyajua, kwamba asiwepo wa kufuata njia ya mtu kwa maneno yangu, na kwamba mwenye kumeza dawa za kisukari asifunge kabla ya kuonana na daktari. Hapana aliyepiga kigelegele. Mzee mmoja wa kanisa aliniuliza mlangoni kama nilikuwa mgonjwa.

Miezi miwili baadaye mama yule aliwaambia akina mama wenzake, kwa hiari yake, wakiwa wanamenya ndizi za mkutano. Wengine walimshika mkono. Wengine walisonya, na wako wanaosema hata leo kwamba fedha zile nyingi zingaliezeka nyumba. Mmoja alimwuliza kwa faragha jina la daktari.

Nalimwomba ruhusa ya kuyaandika haya, akanipa, ila nisitaje kitongoji chake wala umri wake. Kisha akasema ana ombi moja, niliandike kama alivyolisema. Aomba wale wanaopakua chakula katika mikutano yetu waweke sahani ndogo kando ya zile kubwa, na mtu akichukua ndogo asiulizwe. Visahani vya vikombe vya chai, asema, vyatosha.