Usahihi wa Leza na Haki ya Kugusa Jicho Zima

Upasuaji wa macho kwa leza hurekebisha uoni kwa kubadili umbo la konea, utando angavu unaofunika mboni kwa mbele. Katikati, konea ya mtu mzima ina unene wa takriban mikromita 540, zaidi kidogo ya nusu milimita. Leza ya eksaima, ambayo mwanga wake wa urujuanimno una urefu wa wimbi wa nanomita 193, huvunja vifungo vya molekuli za tishu bila kuunguza tishu za kando, na kila pigo huondoa karibu robo ya mikromita. Uwezo huo wa kuchonga tishu uligunduliwa mwaka 1981 katika maabara ya kampuni ya IBM nchini Marekani na Rangaswamy Srinivasan na wenzake. Mwaka 1983 yeye na daktari wa macho Stephen Trokel wakaonyesha kuwa unafaa kwa konea.

Jicho linalofanyiwa kazi hii kwa kawaida si gonjwa. Asiyeona mbali ana tiba nyingine, nayo ni miwani, ambayo haikati chochote na huvuliwa wakati wowote. Kwa hiyo, kabla ya kuuliza jinsi ya kuongeza usahihi wa leza, kuna swali la kimaadili: ni kwa haki gani kiungo kizima kikatwe, na usahihi wa kiasi gani unatosha kuihalalisha kazi hiyo?

Dini zinazofuatwa mkoani Kagera, Tanzania, hulijibu swali hili kwa njia zinazokaribiana. Katika Uislamu, kubadili umbile aliloliumba Mwenyezi Mungu ni jambo zito, lakini mafakihi hutofautisha kujipamba na kuondoa kasoro au usumbufu. Hurejea kisa cha Arfaja, sahaba aliyepoteza pua vitani. Pua aliyojitengenezea kwa fedha ilipoanza kunuka, Mtume alimruhusu kuweka ya dhahabu, ingawa dhahabu ni haramu kwa wanaume. Kwa Wakatoliki, Papa Pius XII alifafanua mwaka 1952 kwamba kiungo kipo kwa ajili ya mwili mzima, hivyo chaweza kuguswa pale faida ya mtu mzima inapodai. Walutheri wamerithi fundisho la Luther kwamba kazi ya kila siku ni wito wa kumtumikia jirani. Kwa fundisho hilo, jicho linalomwezesha mtu kufanya kazi si jambo la anasa.

Mafundisho yote matatu yanatoa ruhusa, na yote yanaifunga ruhusa hiyo kwa masharti ya madhara. Hapo ndipo usahihi unapoacha kuwa suala la ufundi peke yake. Jicho lenye mtoto wa jicho likipasuliwa, kosa la daktari hupimwa dhidi ya upofu uliokuwa unakuja. Jicho zima likipasuliwa, kosa hilohilo hupimwa dhidi ya miwani. Mizani ya pili ni kali zaidi, na ni haki iwe hivyo.

Makosa yenyewe yana vyanzo vingi. Kurekebisha dayopta moja, kipimo cha nguvu ya lenzi, katika eneo la kipenyo cha milimita 6 huondoa takriban mikromita 12 za konea, na madaktari wengi huacha angalau mikromita 250 za tabaka la chini. Konea ikidhoofishwa huweza kutokeza mbele na uoni ukaharibika, ndiyo maana ramani ya umbo lake huchorwa kwanza ili kuwabaini watu ambao konea zao ni dhaifu tangu mwanzo. Jicho nalo halitulii, hivyo mashine hulifuatilia na kuusogeza mwanga pamoja nalo. Mtu akilala chali, jicho huweza pia kuzunguka nyuzi kadhaa. Kwa mwenye astigmatizimu, yaani konea iliyopinda zaidi katika mwelekeo mmoja kuliko mwingine, mzunguko wa nyuzi 10 tu hupoteza karibu theluthi moja ya marekebisho, na mashine za sasa hutambua alama za irisi ili kuufidia. Mwaka 1999 daktari wa macho Theo Seiler alianza kuiongoza leza kwa vipimo vya mawimbi ya mwanga yanayotoka ndani ya jicho, vinavyonasa hata kasoro ndogo zisizorekebishwa na miwani. Baada ya yote hayo, konea hupona kwa namna yake, na ngozi yake ya juu hujaza mabonde iliyoyakuta.

Lakini kikomo kikubwa hakimo katika mashine. Kipimo kinachoiongoza leza hutokana, kwa sehemu kubwa, na jibu la mgonjwa anapoulizwa ni lenzi ipi kati ya mbili inayomwonyesha herufi vizuri zaidi. Lenzi hizo hupishana kwa robo dayopta, sawa na takriban mikromita 3, yaani mapigo kumi na mawili ya leza. Kisu ni chembamba kuliko neno linalokielekeza. Injili ya Marko, sura ya 8, inasimulia jambo linalogusa hapo hapo: kipofu wa Bethsaida anaguswa, anaulizwa anaona nini, anajibu kwamba watu wanaonekana kama miti inayotembea, ndipo anaguswa tena. Hata katika muujiza, kazi haikuhesabiwa kuwa imekamilika kabla ya mwenye jicho kusema.

Aristotle alifundisha kwamba usahihi utafutwe kwa kadiri jambo lenyewe linavyouruhusu. Pembe mraba ya seremala si ile ya mwanahesabu, kwa kuwa seremala anaihitaji kwa kazi. Uoni nao una kazi. Kamuli, katika wilaya ya Kyerwa mkoani Kagera, ni nchi ya migomba, maharage na kahawa. Mkulima wa hapo mwenye miaka hamsini na upungufu wa kuona mbali wa dayopta mbili haoni vizuri sura ya mtu aliye ng'ambo ya kibanja, lakini huchambua kahawa na kusoma Biblia au msahafu bila miwani, wakati wenzake wa rika lake wameshindwa kwa sababu lenzi ya jicho hukakamaa baada ya miaka arobaini. Leza ikimfikisha kwenye sifuri kamili, itampa kilima cha mbali na kumnyang'anya ukurasa. Kwa hesabu za mashine, upasuaji huo hauna dosari. Kwa maisha yake, umekosea, na hakuna pigo la leza linalorudisha tishu iliyokwisha kuondolewa.

Shirika la Afya Duniani lilikadiria mwaka 2019 kwamba watu milioni 826 wana shida ya kuona karibu inayotokana na umri na isiyorekebishwa, na wengi wao wangetoshwa na miwani ya kusomea. Kwa mtazamo huo, fedha zinazotafuta sehemu ya kumi ya dayopta kwa wachache zinaweza kuonekana kama dhuluma. Hukumu hiyo ni ya kweli kwa nusu tu. Elimu ya mawimbi ya mwanga iliyoongeza usahihi wa leza sasa imo pia katika vipima macho vya mkononi vinavyobebeka hadi zahanati ya kijijini. Navyo hutoa namba ya kuanzia tu. Lenzi ya mwisho huchaguliwa kwa kuuliza, na mzee wa Kamuli huieleza tofauti ndogo ya ukungu kwa Kinyambo, lugha ya kwao, vizuri zaidi kuliko kwa Kiswahili, hivyo anayempima anahitaji lugha hiyo kama anavyohitaji sanduku la lenzi.