Daftari la Isibo

Mwezi Machi 2020 nilikuwa na miaka kumi na sita, mwanafunzi wa sekondari niliyerudi nyumbani Gitega baada ya shule zote nchini kufungwa tarehe 16. Siku tano baadaye ikatangazwa amri iliyojulikana kama Guma mu Rugo: kila mtu abaki nyumbani, pikipiki zisibebe abiria, na biashara zisizo za lazima zifungwe. Kwa asiyeijua Gitega, ni eneo dogo la wilaya ya Nyarugenge, jijini Kigali, lenye nyumba zilizobanana kiasi kwamba jirani akikohoa usiku unamjua ni nani. Wengi wetu hula kilichopatikana mchana uleule. Kumwambia mfua nguo au mchuuzi wa ndizi abaki ndani ni kumwambia akiinjike chungu pembeni.

Ndiyo maana kuanzia tarehe 28 Machi serikali iligawa mchele, unga na maharagwe nyumba kwa nyumba. Ugawaji ulipitia ngazi ya chini kabisa, isibo, yaani kundi la kaya za majirani ndani ya kijiji. Kila isibo ina kiongozi wake, na wa kwetu alikuwa mama yangu. Alikuwa na daftari la kurasa za mistari, na humo aliandika wenye kustahili.

Katika ua wa pili kutoka kwetu aliishi kijana mmoja, saidia fundi aliyekuja Kigali kutafuta vibarua. Hakuandikwa. Mwenye nyumba alimwambia mama kwamba mpangaji huyo amerudi kwao. Haikuwa kweli. Hakuwa amemwandikisha kama mpangaji, akaogopa kuulizwa. Na kijana mwenyewe hakutoka kuja kudai. Kwa nini? Kwa sababu mama aliyegawa unga ndiye pia aliyetakiwa kutoa taarifa za wageni wasioandikishwa na za wanaovunja amri. Angebisha mlango wetu kuomba chakula, angekuwa amejishtaki.

Aliyetuambia habari zake ni mhudumu wa afya wa kijiji. Rwanda ina wahudumu wa aina hii zaidi ya 50,000, watu wa kawaida waliochaguliwa na majirani zao, wanaopima malaria na kutoa dawa mlangoni. Alikuwa amewahi kumtibu kijana yule malaria. Alikuja jioni, akasema tu: kuna mtu pale ana siku ya pili hajala. Mama alinyamaza, akapima mchele kutoka kwenye fungu letu wenyewe, akanituma nipeleke. Kijana aliupokea kwa mikono miwili, akashukuru, akashukuru tena, mpaka nikaona aibu.

Aibu ile ndiyo iliyonifikisha kwenye swali la insha hii. Chakula kile kilikuwa sadaka, au kilikuwa deni?

Mama anasema ni sadaka, na hoja yake si nyepesi. Chakula cha umma kina hesabu. Bila orodha, wenye sauti kubwa na misuli hupata mara mbili, na wajane hukosa. Angemwandika mtu asiyetambulika, kesho wangekuja kumi. Vilevile bila mtu wa kutoa taarifa, ugonjwa ungepita katika nyua zetu, ambamo kaya kadhaa huchota maji bomba moja. Nakubali yote hayo. Watu wanaolaumu orodha mara nyingi hawajawahi kupewa magunia matano na kuambiwa wayagawe.

Lakini nadhani mama alianzia swali lisilo lake. Aliuliza, "Nani ni wa isibo yetu?" Amri haikuuliza hivyo. Amri ilimkataza kutoka kila aliyekuwa ndani ya mipaka ya nchi, awe ameandikishwa au la. Kijana yule alitii. Alikaa katika chumba chake siku zote zile, akatulinda mimi na mama na bibi zetu wenye shinikizo la damu. Ikiwa jamii imechukua siku za kazi za mtu kwa manufaa ya wote, basi inadaiwa na mtu huyo, na deni halitegemei daftari. Mdaiwa anapolipa, mdai halazimiki kushukuru mara mbili.

Tena kuna jambo la mkono mmoja kushika unga na kalamu ya mashtaka. Hili nililifikiria upya mwaka 2024, virusi vya Marburg vilipothibitishwa nchini mwezi Septemba. Watu 66 waliugua, wengi wao wahudumu wa afya, na 15 wakafariki, kabla ya mlipuko kutangazwa kuisha tarehe 20 Desemba. Kazi kubwa ilikuwa kuwatafuta waliogusana na wagonjwa, kuwafuatilia siku 21. Kazi hiyo yote inasimama juu ya mtu kukubali kutaja majina. Nani atamtaja rafiki yake kwa mtu anayemhofia? Mhudumu wetu wa kijiji alijua njaa ya kijana yule kabla ya mama, ingawa mama alikuwa na daftari na yeye alikuwa na kipimajoto tu. Ningependa viongozi wa afya walinde tofauti hiyo: anayesikiliza shida asiwe ndiye anayeandika makosa.

Januari 2021 Kigali ilifungwa tena. Mama alichukua daftari, na safari hii alianza na vyumba vya nyuma. Kijana alikuwa ameshahama. Chumbani mwake tulimkuta mama mmoja na mtoto mchanga. Mama yangu alimwuliza jina tu, akaliandika.

Hata hivyo bado anasema kwamba mara ya kwanza hakukosea. Tunabishana hadi leo, hasa akiwa anachambua mchele.