Kusahihisha Sauti ya Mtu

Niliingia kazi ya ualimu mwaka 1973, nikastaafu mwaka 2010 nikiwa mkuu wa chuo cha ualimu. Katika miaka hiyo yote kazi yangu kubwa ilikuwa kusahihisha. Nilisahihisha insha na maandalio ya masomo, na zaidi ya yote niliwasahihisha walimu wanafunzi wakati wa mazoezi ya kufundisha. Nilikaa nyuma ya darasa na fomu yangu, nikaandika mazuri na mabaya. Kipindi kilipokwisha tulikwenda chini ya mti, mimi na yeye tu, nikamwambia yote. Baadhi yao walilia. Wengi ni walimu hodari hivi leo. Sikudhani kwamba uzeeni, nikiwa mwenyekiti wa kamati ya kwaya ya usharika wetu, ningekuja kusahihisha kwa namna ambayo mpaka sasa inanisuta.

Mambo yalikuwa hivi. Pasaka ya mwaka 2019 tuliamua kurekodi ibada nzima, ili nyimbo zake ziuzwe na fedha itusaidie kununua mabati ya kanisa. Fundi mitambo wetu, kijana ambaye baba yake alikuwa mwanafunzi wangu, alianza kutandaza nyaya tangu Ijumaa Kuu. Kila sauti ya kwaya ilipewa maikrofoni yake, na magitaa, kinanda na dramu vivyo hivyo. Nyingine mbili zilitundikwa katikati ya kanisa ili zinase waumini. Zote pamoja zilikuwa njia 16, na kila njia ilihifadhiwa peke yake katika kompyuta.

Wiki iliyofuata kijana alikuja nyumbani. "Shikamoo, Mwalimu. Nimekuja tuchanganye sauti." Nilimwuliza kwa nini tusiuze ile ile iliyopita kwenye miksa siku ya ibada, maana kwangu mimi hiyo ndiyo iliyokuwa kweli yenyewe. Alicheka kwa adabu, akaniwekea niisikie. Loo! Waimbaji walikuwa wakipiga kelele masikioni mwangu, na dramu zilisikika kama zinapigwa kwa jirani. Alinieleza kwamba ndani ya kanisa dramu zina nguvu zake zenyewe, hivyo hazipitishi sana kwenye spika; huzipandisha sauti za watu zisimezwe. Kilichohifadhiwa pale ni kile tu alichoongezea yeye, wala si kile watu walichosikia.

Aidha, zile maikrofoni mbili za katikati zilikuwa zimechelewa. Sauti husafiri kama meta 340 kwa sekunde. Kwa hiyo maikrofoni iliyo meta 17 kutoka kwa kwaya humsikia mwimbaji baada ya sehemu ya 20 ya sekunde. Ni muda mdogo sana, lakini sikio huutambua, na uimbaji husikika umetiwa ukungu. Kijana alizivuta njia hizo nyuma kwa kiasi hicho, na mara vigelegele vya akina mama vikaangukia mahali pake.

Hapo nilijifunza kwamba hakuna rekodi isiyoguswa na mkono wa mtu. Hata kuchagua mahali pa kutundika maikrofoni ni uamuzi. Anayesema "tuache kama ilivyo" naye amechagua, ila hajui alichochagua. Nilikubali basi kwamba kupandisha na kushusha si uongo.

Ndipo tukafika kwenye sauti ya pili. Walikuwa akina mama wanne kwenye maikrofoni moja, na aliyesimama karibu nayo kuliko wote ni mama mmoja mwenye umri wa kunizidi, mwimbaji wetu tangu usharika ulipoanza. Sauti yake ilikuwa ikitetemeka, na kila mstari aliumaliza baada ya wenzake. Kijana alisimamisha wimbo. "Mwalimu, huyu bibi tumfanyeje?"

Nilitaka kujua ana maoni gani. Alisema jambo ambalo nimelifikiri sana: "Waliokuwa ibadani walimwona. Macho yao yalimsamehe. Atakayesikiliza nyumbani hana macho, ana masikio tu, na masikio hayasamehi." Naam, ni hoja nzito. Tena nilikumbuka kwamba sadaka hupaswa kuwa safi, na kwamba wanunuzi watatoa fedha yao. Nikasema, "Mfute."

Lakini maikrofoni haichambui watu. Kumwondoa mmoja ilibidi tuwaondoe wote wanne. Tuliwaita wasichana wawili, wakaimba sauti ya pili upya sebuleni kwangu, madirisha yamefungwa ili jogoo wasisikike. Kazi ilipendeza mno. Siku kwaya nzima ilipokusanywa kuisikiliza, watu walipiga makofi. Mama yule alikaa mstari wa mbele, ameinamisha kichwa, mpaka wimbo wa mwisho. Kisha alinifuata mlangoni.

"Ni nzuri sana, Mwalimu. Ila mimi sijajisikia."

Nilimjibu, "Sauti zilikuwa nyingi, Mama."

Jibu hilo lilikuwa uongo, na nilijua ni uongo wakati ninalitamka. Alhamisi iliyofuata hakuja mazoezini, wala ile ya pili yake. Alituma salamu kwamba magoti yanamsumbua. Magoti yale yale yalikuwa yakimpeleka shambani kila siku.

Msomaji mpenzi, sikupata usingizi mzuri siku hizo. Nilijiuliza ni wapi hasa nilipokosea. Kama kosa ni kugusa sauti, basi rekodi zote ni kosa. Mwaka 1997 ilitoka programu iitwayo Auto-Tune. Aliyeibuni, Andy Hildebrand, alikuwa mtaalamu wa kuchambua mitetemo ya ardhi kwa ajili ya kutafuta mafuta, akatumia elimu hiyo kuinyosha sauti ya mwimbaji inapokosa kufika pale inapotakiwa. Leo hata fundi wa kanisa dogo anaweza kuwa na programu ya aina hiyo. Siwezi kuamini kwamba kila anayeitumia ni mwongo.

Jibu nililipata nilipoukumbuka ule mti. Mwalimu akisahihisha insha kwa wino mwekundu, mwanafunzi huliona kosa lake na insha hubaki yake. Mwalimu akiichukua insha, akaiandika upya usiku, akaibandika ukutani kwa jina la mwanafunzi, hajamsahihisha mtu. Amemficha kosa lake na amemnyang'anya kazi yake. Hivyo ndivyo nilivyomfanyia mama yule. Tena kosa langu halikuanza na kompyuta. Kwa muda mrefu sisi sote katika kwaya tulisikia kwamba anachelewa, na hakuna aliyethubutu kumwambia. Tuliuita ukimya ule heshima. Wahenga walisema, mchelea mwana kulia hulia yeye. Kompyuta ilitupa tu njia rahisi ya kumkwepa mtu tuliyepaswa kuzungumza naye.

Nilimwuliza kijana kama njia za mwanzo zingalipo. Alikuwa amezihifadhi. Tukaenda naye nyumbani kwa mama yule, nikamweleza yote, pamoja na uongo wa mlangoni. Hakusema neno. Kijana alimwekea ile njia ya sauti ya pili peke yake. Mstari wa kwanza haujaisha, mama aliinua kidole: "Huyo ni mimi." Alisikiliza tena kidogo. "Kumbe nachelewa! Tangu lini?"

"Yapata miaka mitano, Mama."

"Na nyote mlijua?"

Tulinyamaza.

"Mngeniambia ningesogea nyuma ya wenzangu, nikawafuata wao. Sasa mmeniacha naimba hivyo mbele ya watu, halafu mnanifuta."

Alitaka kujua yanayowezekana, na kijana akamweleza. Mwishowe aliamua mwenyewe: nyimbo tano wasichana wabaki, lakini ule wa shukrani, wa mwisho, waachwe wale wanne kama walivyoimba siku ya Pasaka, pamoja na kuchelewa kwake. Ndivyo ilivyouzwa. Wapo walioulalamikia wimbo ule, nami nikawajibu kwamba umeachwa makusudi.

Alirudi kwenye kwaya. Alisimama mstari wa nyuma, mbali na maikrofoni, na mwalimu wa kwaya alikuwa akimwambia wazi kila alipochelewa. Alichelewa mara chache zaidi kuliko zamani. Kamati nayo ilipitisha kanuni moja: sauti ya mtu haitaondolewa kabla mwenyewe hajasikilizishwa.

Limebaki jambo moja linalonisumbua. Nikiwa mkuu wa chuo niliandika barua nyingi za sifa. Mwalimu fulani alikuwa mlevi, nikaandika kwamba ni mchangamfu. Mwingine hakuweza kuongoza darasa, nikaandika kwamba ni mpole. Niliona ni huruma. Siku hizi hujiuliza ni wangapi kati yao niliowahi kuwapeleka chini ya mti kwanza, nikawaambia ana kwa ana. Majina ninayoweza kuyataja kwa hakika ni machache.