KUNGOJA MAJIRA

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyeupa usiku zamu yake na mchana zamu yake. Ama baada ya hayo, ndugu msomaji, twataka kusema nawe juu ya jambo ambalo watu hulipita bila ya kulitazama: mtu anayengoja majira, je, ni mvivu, au ni mtu mwenye adabu?

Utazame mwisho wa Kaskazi. Mnamo mwezi wa Machi upepo ule uliovuma tangu Disemba hulegea, joto likashika, bahari ikalala. Mabaharia huuita wakati huu maleleji, kwa kuwa upepo hauna ahadi. Asubuhi watoka huku na jioni watoka kule. Kisha mawingu hujikusanya, masika yakaingia, na nyuma yake Kusi. Majahazi hupandishwa pwani, yakatiwa kalafati na kupakwa deheni, na nahodha aliyekuwa akipiga kelele juu ya shetri utamwona barazani na tasbihi yake. Mkulima naye amekwisha kusia mpunga bondeni, na kazi iliyombakia ni kupalilia na kuitazama mbingu.

Kijana apitaye mbele ya baraza hiyo huwacheka wote wawili. Kwake yeye, zama hizi ambazo chombo kina mashine na khabari ya mvua humfikia mtu mkononi kabla ya wingu, kungoja ni ujinga wa kale. Wala hatukatai kuwa wavivu wako, nao hupenda sana kujifunika kwa neno la tawakali. Mtume, rehema na amani zimshukie, alimfundisha mtu amfunge kwanza ngamia wake, ndipo ategemee. Lakini nahodha aliyekwisha kukitengeneza chombo chake amekwisha kumfunga ngamia. Haketi kwa uvivu. Aketi kwa sababu lililobaki si lake.

Wako wengine ambao neno lao ni zito kuliko la kijana yule. Wao husema kuwa hesabu ya majira si katika dini, kwani miezi yetu ni ya mwandamo, na hii hesabu ya Nairuzi ni ya Waajemi. Tuseme kweli: jina ni la Kiajemi, maana yake siku mpya, na kwao ndiyo siku ambayo baridi huisha na majani huchipua, mnamo tarehe 21 Machi, wakati uleule ambao kwetu Kaskazi hufa. Wazee wetu waliupokea mwaka huo wa siku 365, wakaugawa miongo 36 ya siku kumi kumi, na siku tano za mwisho wakaziita gatha. Kwa kuwa hawakuongeza siku moja katika kila mwaka wa nne, Nairuzi yetu haikukaa mahali pamoja, na leo watu wa Makunduchi, Unguja, huiadhimisha mwezi wa Julai. Hayo ya kupigana kwa migomba na kuchoma kibanda siku hiyo yana mlango wake wa kusemewa, nasi hatuufungui hapa. Hesabu ni kitu kingine. Mwaka wa mwezi una siku 354 au 355, kwa hiyo Ramadhani hurudi nyuma kama siku kumi na moja kila mwaka, na katika miaka 33 huwa imezunguka majira yote. Mwenyezi Mungu katika Suratut-Tawba amekataza kuiahirisha miezi mitukufu na kuigeuza. Basi ibada imefunguliwa kamba ya majira, ili mtu afunge katika joto na katika kipupwe pia. Ama mpunga haukufunguliwa. Atakayepanda kila mwaka katika Rajabu, kwa kuwa Rajabu ni mwezi mtukufu, atakula utukufu wake bila ya wali.

Yote hayo ni mepesi. Zito ni hili nitakalolisema sasa, nami nalisema kwa kuwa lilinipata mwenyewe.

Nilipokuwa kijana nilikuwa na duka dogo kando ya bonde la mpunga. Mwezi wa Mei ni mwezi mbaya kwa mkulima: ghala ya mwaka jana imekwisha, na mpunga wa mwaka huu ungali kijani, waonekana wala hauliki. Mzee mmoja jirani yangu alikuja dukani na uso wa mtu asiyelala. Wanawe walikuwa na njaa. Akaniuzia konde lake lote lilivyosimama, kwa bei ya magunia mawili ya unga, na unga ule akaununua kwangu papo hapo, kwa bei ya duka. Mimi nilijiona nimetenda wema. Mpunga ulipozaa, yeye na wanawe ndio walioamia ndege katika konde, wakipiga kelele tangu alfajiri kuulinda mpunga usiokuwa wao tena. Nikavuna magunia saba.

Miezi michache baadaye nilikaa darasani baina ya Magharibi na Isha, na mwalimu akafika katika mlango wa biashara. Akasoma kuwa Mtume amekataza kuuza matunda mpaka yaanze kuiva, na amekataza kuuza mashuke mpaka yapauke na yasalimike na maafa. Akaeleza sababu yake: Mwenyezi Mungu akiyazuia matunda yasitoke, mnunuzi atakuwa ametoa mali bure, na muuzaji ataila mali ya nduguye kwa haki gani? Watu wa Madina walikuwa wakiuza matunda mabichi, na wakati wa kuvuna hugombana, huyu akisema yameingiwa na ugonjwa, yule akisema hapana. Na imepokewa kuwa Zaid bin Thabit hakuwa akiuza matunda ya shamba lake mpaka Thuraya ichomoze. Thuraya ndiyo Kilimia chetu, nyota za kulimia, ambazo huzama magharibi jioni za masika zikapotea, kisha mwezi wa Juni zikazuka mashariki alfajiri, mvua zikiwa zimepungua na mashuke yameanza kuinama. Sahaba alitazama mbinguni kabla ya kunyosha mkono kupokea fedha.

Nikamuuliza mwalimu: je, ikiwa muuzaji mwenyewe ameridhika? Akanijibu kuwa katika madhehebu yetu ya Shafi, yaliyo mabichi hayauzwi ila kwa sharti ya kukatwa papo hapo, na ridhaa haiihalalishi biashara iliyobatilika. Nikasema: basi mwenye njaa afanyeje, afe akingoja Kilimia? Akasema: mlango wa salamu u wazi, ulipe fedha leo, upokee mpunga wa sifa maalumu, kwa kipimo maalumu na muda maalumu, lakini usiufunge na konde lake lile, kwani konde laweza kukosa. Na ulio bora kuliko huo ni mkopo usio na ziada. Kisha akanitazama, wala hakuniuliza kitu.

Usiku ule ndipo nilipofahamu kuwa maisha yangu yote niliisikia subira ikihubiriwa kwa upande mmoja. Wenye kushiba huwaambia wenye njaa wangojee majira. Lakini katika hukumu hii aliyezuiwa asifanye haraka ni mwenye fedha pia. Yeye ndiye aliye na uwezo wa kungoja, na haraka yake ndiyo inayokula haki ya mwingine. Mzee yule hakufanya pupa, alikuwa na njaa tu. Pupa ilikuwa yangu, nami nilikuwa nimekaa kitako dukani, nikinywa kahawa, na kila anionaye akisema huyu ni mtu mtulivu.

Nilimwendea mzee. Magunia mawili yalikuwa bado ghalani, nikamrudishia. Matano nilikuwa nimekwisha kuyauza. Tukafanya hesabu: thamani ya matano, tukatoa bei niliyomlipa na ujira wa wavunaji, na zilizobaki zikawa zake, nazo zilikuwa nyingi kuliko nilizokuwa nazo, kwani mali ya duka ilikuwa mikononi mwa wadaiwa. Nikamwambia, "Mzee wangu, sina. Nipe muhula mpaka mwisho wa Kaskazi."

Akasema, "Mwanangu, Kaskazi haijaanza."

Nikanyamaza. Naye akainamia jembe lake akaendelea na kazi, na akaningojea mpaka Machi, bila ya kunitumia mtu hata mara moja.