Motokaa Ndogo na Jina Kubwa

Siku hizi katika Bukavu mtu akipata fedha kidogo, wazo la kwanza ni kiwanja, na la pili ni motokaa. Hatumlaumu. Mji wetu umejengwa juu ya vilima na ndimi za nchi zilizoingia ziwani. Atokaye Panzi kwa miguu kwenda kazini Nguba, wakati wa mvua, hufika na matope mpaka magotini. Kutaka motokaa si kosa. Swali letu ni jingine: baba wa nyumba mwenye fedha za motokaa moja tu, je, ana haki ya kuchagua ile kubwa kwa ajili ya jina lake, iwapo ndogo yamtosha?

Kuchagua huko twakuona kila mara. Kwa fedha za kununulia motokaa ndogo mpya, au hata pungufu, mtu aweza kupata jipi kubwa lililokwisha tumika miaka 15 au 20 huko Japani, likavuka bahari hadi Dar es Salaam au Mombasa, likafika kwetu na usukani upande wa kuume. Nasi katika Kongo twaendesha upande wa kuume wa njia. Dereva akitaka kulipita lori, hana budi kumwuliza aliyeketi kando yake kama mbele ni salama! Lakini majirani hawayatazami hayo. Wao huona ukubwa, nao husema: Fulani sasa amekuwa mtu.

Basi na tuhesabu pamoja. Tumfikirie mwalimu aendaye kilomita 30 kwa siku, siku 25 za mwezi: jumla kilomita 750. Tuseme motokaa ndogo, katika miinuko yetu na msongamano wetu, hunywa lita 8 kwa kilomita 100, na ile kubwa lita 16. Ya kwanza itataka lita 60 kwa mwezi, ya pili 120. Tofauti ni lita 60, yaani bidoni tatu za manjano zile za lita 20, kila mwezi, mwaka mzima. Na esanse yetu haichimbwi Bukavu. Huja kwa malori kutoka bandari za Bahari ya Hindi, zaidi ya kilomita 1,000, ikipita mipaka na kodi zake. Daraja likikatika au mpaka ukifungwa, bei hupanda siku ile ile, na wale wauzaji wa kando ya njia tuwaitao Kadhafi huwa wafalme.

Sasa, bidoni tatu hizo hutoka wapi? Mshahara haukuongezeka kwa sababu motokaa imeongezeka. Zitatoka katika minerval ya kijana aliye sekondari, au katika mtaji wa mama auzaye samaki soko la Kadutu, ambaye mara nyingi hakuulizwa neno siku ya kununua. Hapo ndipo twaona ubaya wa jambo hili. Kila mtu ana ruhusa ya kupenda heshima. Lakini heshima ya baba ikilipwa na mtoto aliyefukuzwa darasani, hiyo si mali ya baba. Amekopa pasipo kuomba.

Tusidanganyike lakini na karatasi ya muuzaji. Lita zilizoandikwa pale zilipimwa mbali na hapa. Bukavu iko juu, karibu meta 1,500 kutoka usawa wa bahari, na hewa yetu ni nyepesi. Injini ya kawaida isiyosukumiwa hewa hupoteza hapa kama sehemu moja katika saba ya nguvu zake. Motokaa ndogo mno, yenye watu watano na gunia la makaa, itapanda Kadutu kwa gia ya kwanza ikilia, nayo itakunywa kuliko ilivyoahidi. Udogo nao una kiasi chake.

Kudharau motokaa ndogo si jambo jipya, wala si letu sisi peke yetu. Huko Ufaransa, kabla ya vita ya mwaka 1939, Pierre Boulanger wa Citroën aliwaagiza mafundi wake watengeneze motokaa ya kuchukua wakulima wawili na kilo 50 za viazi, kwa mwendo wa kilomita 60 kwa saa, na kutumia lita 3 tu kwa kilomita 100. Ilipoonyeshwa Paris mwaka 1948, watu wa magazeti waliicheka. Wakulima hawakucheka, walijiandikisha, wakangoja miaka. Zikaundwa zaidi ya milioni 3 mpaka mwaka 1990.

Wapo watakaotujibu: Je, motokaa ndogo itafika Kamituga? Kweli, mwenye kazi ya njia ya Mwenga, ambapo malori hulala matopeni siku nyingi, anunue motokaa ndefu yenye nguvu. Hiyo ni haja yake, si maringo. Wengine husema motokaa kwetu si ya mtu mmoja, ni ya ukoo: kuna wagonjwa wa usiku, kuna misiba. Neno hili twaliheshimu kuliko yote. Lakini mgonjwa hulala katika kiti cha nyuma cha motokaa ndogo, akafika hospitali. Na tumeona jipi zimesimama uani, tairi safi, tangi tupu, huku mgonjwa akibebwa kwa pikipiki.

Kwa hiyo, ndugu uliye karibu kununua, kabla ya kuuliza rangi nenda kwa fundi wako ukamwulize vipuri vyapatikana wapi, kwani motokaa mpya isiyo na vipuri mjini ni mzigo. Kisha mwombe muuzaji mpande pamoja mwinuko wa Kadutu, watu wazima wanne ndani, na mke wako awe mmoja wao. Muuzaji akikataa, tafuta mwingine.