Mwacheni Mtoto Afunge Kifungo Chake

Wanangu, haraka yenu ya asubuhi inamfunga mtoto mikono, na huruma yenu ya jioni inakaza fundo. Nasema hivyo bila hasira. Nimeishi hapa Kongowe, mkoani Pwani, tangu mikorosho ikiwa mingi kuliko mapaa ya bati, nimeona wazazi wakilea, kisha watoto wao wakalea, na kosa hili limerithiwa pamoja na vinu na mbuzi za nazi. Mtoto ana miaka saba, mama anamvalisha shati. Ana miaka tisa, dada yake anamtia tonge mdomoni. Ana miaka kumi na miwili, bado anatawazwa. Ukiuliza kwa nini, jibu liko tayari: "Bibi, huyu hawezi." Nami huuliza tena, polepole: hawezi, au hajapewa nafasi ya kujaribu?

Mtoto mwepesi hulikwepa kosa hili. Ataponyoka mikononi mwako, atachukua sufuria akapikie mchanga chini ya mwembe, atajifunza kwa kuharibu. Shida ni kwa yule aliyezaliwa na mtindio wa ubongo, ambaye mkono wake unakaza pale anapotaka ulegee. Yule mwenye usonji. Yule anayechelewa kuelewa. Na yule ambaye hakuna daktari aliyeipa hali yake jina, ila nyumba nzima inajua ana mambo yake. Akisikia mashine ya kusaga anaziba masikio na kupiga mayowe. Sweta ya shule anaivua njiani kwa sababu inamwasha shingoni. Mlenda ukigusa ulimi anatapika, basi anakula wali mkavu mwaka mzima. Akisukwa nywele analia mpaka majirani wanakuja kuuliza kuna nini. Mwenzake yuko kinyume: anajizungusha mpaka wewe unayemtazama ndiye unayepata kizunguzungu, anajirusha juu ya magunia, anawagonga watu, anatafuna kola ya shati mpaka inachanika.

Na majibu yetu kwa watoto hawa ni yale yale tangu zamani. Wa kwanza kusema ni mwenye fimbo: huyu ana kiburi, mchapeni. Anachapwa, na kesho mashine ikiwashwa anaziba masikio vilevile, sasa akiwa na alama mgongoni. Wa pili ni mwenye kutafuta mchawi. Mbuzi anauzwa, nauli inakwenda, jirani aliyekuwa akikuazima chumvi anageuka adui, na mtoto anarudi na hirizi shingoni, nayo inamwasha zaidi ya sweta. Wa tatu ndiye mpole, na ndiye ninayemwogopa kuliko wote. Huyu husema, "Atakua tu." Kweli, anakua. Anafikia kimo cha baba yake, ndevu zinaota, na bado anasubiri kuvishwa suruali.

Shuleni tulifundishwa milango mitano ya fahamu. Iko mingine ambayo hatukuambiwa. Mmoja umo ndani kabisa ya sikio, nao hupima mwendo na mizani ya mwili. Mwingine umo katika misuli na maungio, nao humjulisha mtu mkono wake uko wapi hata gizani. Taarifa za milango hii yote hufika kwenye ubongo kwa wakati mmoja, na ubongo ndio unaozipanga. Mwangalieni mama wa genge sokoni Maili Moja, siku ya Jumamosi asubuhi. Huyu anaulizia nyanya, yule anabembeleza apunguziwe dagaa, bodaboda wanapiga honi, mtoto mgongoni analia, na bado mama huyo anarudisha chenji sawasawa, kwa sababu anajua sauti ipi aishike na ipi aiache ipite. Ubongo wa mtoto ninayemzungumzia haujaweza kuchagua namna hiyo. Kwake kila sauti ni mteja aliyesimama mbele. Mmarekani Jean Ayres, mtaalamu wa tiba kwa vitendo aliyesomea pia saikolojia, aliandika kitabu kizima juu ya jambo hili mwaka 1972. Na chama cha madaktari wa akili cha Marekani kilipotoa upya mwongozo wake wa utambuzi mwaka 2013, kiliingiza katika vigezo vya usonji hali hii ya kuelemewa na sauti, mguso au mwanga, au ya kutovihisi inavyotarajiwa. Basi mtoto anayeziba masikio hana kiburi. Anaumia.

Tiba kwa vitendo ndiyo fani inayomshughulikia. Kazi yake ni kumwezesha mtu kufanya shughuli za maisha yake mwenyewe: kula, kuvaa, kuoga, kwenda chooni, kucheza, kushika penseli. Chama cha kwanza cha fani hii kiliundwa Marekani mwaka 1917, na tangu mwanzo wazo lilikuwa kwamba mgonjwa hupata nguvu kwa kufanya. Kwetu Tanzania wataalamu wake husomea hospitali ya KCMC, Moshi, na hawatoshi kwa nchi kubwa hivi. Dar es Salaam liko shirika la CCBRT, lililoanza kuwahudumia watu wenye ulemavu mwaka 1994, na watu wengi wa Pwani hukimbilia huko.

Kwa mama wa Kongowe, kwenda huko ni daladala mpaka Mbezi, kisha nyingine, mtoto wa miaka sita yuko mgongoni na utingo anadai nauli ya watu wawili. Wa Kisarawe anapita Pugu na Gongo la Mboto, naye anafika akiwa hoi vilevile. Anategemea dawa ya chupa, au sindano, au mashine yenye taa. Anachokikuta ni mkeka, mipira, pembea, beseni la maharage, na mtaalamu anayemuuliza, "Asubuhi akiamka, nani anampigisha mswaki?" Mtoto anacheza, mama anaelekezwa, wanaagana. Akirudi nyumbani analalamika kwamba nauli imepotea bure, wamecheza tu. Harudi tena. Hili nimelisikia mara nyingi, na kila nikilisikia natabasamu kwanza, kisha nasikitika. Yale maharage yalikuwa ya kuvipa vidole kazi. Ile pembea ilikuwa ya kuufundisha mwili mizani. Lile swali la mswaki ndilo lililokuwa dawa yenyewe, naye mama akaliacha pale pale kwenye mkeka.

Maana saa moja ya mtaalamu, tena ya mara moja kwa mwezi, haiwezi kushinda siku zote zilizobaki ambazo mtoto hukaa akifanyiwa kila kitu. Mwaka 2019 watafiti wa Australia, Iona Novak na Ingrid Honan, walipitia tafiti nyingi juu ya tiba hii kwa watoto wenye ulemavu. Mambo yaliyoonyesha matunda yalikuwa pamoja na haya: kumfanyisha mtoto tendo lile lile analolihitaji, kumwelekeza mzazi, na kuendelea na mazoezi nyumbani. Ushahidi wa mazoezi ya milango ya fahamu yakiwa peke yake ulikuwa dhaifu kuliko huo. Kwa lugha ya jikoni, anayetaka mtoto ajue kuvaa shati, ampe shati.

Mpe, lakini mpe kwa akili. Anzia mwisho. Mvalishe wewe, funga vifungo vyote, kile cha mwisho mwachie yeye. Akikiweza, mwachie viwili, halafu vitatu. Kaptula ivute mpaka mapajani, yeye aipandishe kiunoni. Kwa njia hiyo kila siku ni yeye anayemaliza kazi na kusifiwa, wala hakwami katikati akaanza kulia.

Kama vidole ni dhaifu, kazi za kuviimarisha zimejaa uani. Akande unga wa chapati. Achambue mchele, atoe mawe. Amenye karanga. Akamue nguo ndogondogo. Yule asiyetulia mpe kazi ya kubeba na kusukuma, ndoo ndogo ya maji kutoka bombani, au mchi atwange kisamvu. Wengi hutulia wakikaa kula au kuandika baada ya misuli kufanya kazi. Anayechukia mlenda usimshindilie. Uwekwe karibu auone, siku nyingine aunuse, siku nyingine auguse kwa kidole, na siku ya kuulamba itakuja bila ugomvi. Anayeogopa kusukwa, mshike kwanza kichwa kwa viganja viwili, kwa mkandamizo wa taratibu, mwambie mistari ni mingapi, ihesabuni pamoja, na ule mliokubaliana kuwa wa mwisho uwe wa mwisho kweli. Mtoto huyu akidanganywa mara moja, safari ijayo hakai.

Mwenye mtindio wa ubongo asilishwe amelala chali, hata kama mmezoea hivyo tangu akiwa mchanga. Chakula huingia njia ya hewa, kifua kinabana, nanyi mnailaumu baridi. Akae wima, kichwa kikiwa kimeinama mbele kidogo, miguu ikanyage kitu. Mpini wa kijiko uzungushieni kitambaa unenepe, ashike vizuri. Chini ya bakuli wekeni kitambaa chenye unyevu, lisiteleze. Msiseme hamna hela ya kiti. Huko Zimbabwe, Bevill Packer aliendeleza ufundi wa kutengeneza viti na meza kwa maboksi, makaratasi na gundi ya unga, na watoto wa aina hii wamevikalia katika nchi nyingi.

Najua mtakachoniambia. Saa kumi na mbili asubuhi mama ana vitumbua motoni, baba anawahi gari, kengele ya shule haimsubiri mtu, na mtoto amesimama na kifungo kimoja anakitafutia tundu. Kumfungia ni jambo la sekunde tatu. Nani asingefunga? Uchovu si dhambi, na anayemlaumu mama huyo hajawahi kuamka alfajiri na mtoto ambaye hakulala. Basi asubuhi ya haraka mfungieni, mwende zenu. Lakini jioni ipo, Jumapili ipo, na saa ya kuoga haina kengele. Hapo vuteni subira. Atalia. Wahenga walisema mchelea mwana kulia hulia yeye, na watu wengi wakalitumia neno hilo kutetea kiboko. Mimi nalitumia kwa kifungo. Mwache alie kidogo kwa kifungo leo, kaa karibu naye, usikasirike, usikichukue.

Nimeona mwisho wa huruma ile nyingine. Mama anafika miaka sitini, kiuno kimeisha, na bado anamnyanyua mwanaume mzima kumpeleka bafuni. Dada aliyekuwa akimlisha ameolewa Chalinze. Kaka hana habari. Mama akiugua siku mbili, mtu mzima yule anakaa na njaa sufuria ikiwa mbele yake, kwa sababu mkono wake haujawahi kufundishwa safari ya kutoka kwenye sahani kwenda mdomoni. Na kwa binti mambo ni mazito zaidi. Aliyezoea kuogeshwa na kila mtu, leo shangazi, kesho binamu, keshokutwa jirani, atawezaje kutambua mkono usiostahili kumgusa? Kumfundisha kujisafisha mwenyewe, kadiri anavyoweza, ni kumjengea ukuta. Akivunja ungo hajui kujitunza, walezi wake watapata tabu, naye atapata aibu ambayo hakustahili.

Walimu nao wasijivue jukumu. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inampa mtoto huyu haki ya kusoma, na mara nyingi anachohitaji darasani hakigharimu kitu: akae mbali na dirisha linalotazama barabara ya Morogoro na malori yake, miguu yake ifike chini, atumwe kufuta ubao anapoanza kuhangaika, na asichapwe kwa mwandiko mbaya wakati vidole vyake bado vinatafuta nguvu.

Basi fanyeni hivi. Wiki hii chagueni tendo moja tu, mswaki au kijiko au kifungo, mlikabidhi kwa mtoto, na nyumba nzima ikubaliane, bibi akiwemo, maana sisi mabibi ndio tunaorudisha nyuma kwa siri yale mama aliyoyafundisha. Mtoto anayechelewa kukaa, kushika vitu, kula au kutulia kuliko wenzake, msimsubirie akue. Mpelekeni zahanati, ombeni rufaa ya Tumbi, hospitali yetu ya mkoa, na ulizeni kwa jina: tiba kwa vitendo inapatikana wapi? Mkielekezwa, nendeni. Mkionyeshwa la kufanya nyumbani, lifanyeni kila siku, hata kama linafanana na mchezo. Uji utamwagika, na sakafu itafagiwa. Mtoto huyu ataishi baada yetu, na siku hiyo atahitaji mikono yake mwenyewe. Mwacheni aanze kuitumia sasa, tukiwa bado tuko hapa kumwelekeza.