Kahawa Iuzwayo Ingali Maua
Waadhi kwa Waislamu wa Bukoba na Muleba juu ya matumizi ya nyumba

 

Enyi ndugu zetu katika dini, wanaume kwa wanawake. Jambo tutakalolisema katika kurasa hizi si geni masikioni mwenu, kwani ni butura. Na butura, kwa msomaji asiyekuwa wa nchi hii, ni kuuza kahawa ingali maua mtini au ingali changa, kwa bei ya chini, ili mwenye kibanja apate fedha leo, na mnunuzi aje kuyachukua mavuno baada ya miezi kupita. Serikali imeikataza, na bado yafanyika, mara nyingi kwa siri. Watu huwalaumu wanunuzi, nao wastahili lawama, tutawarejea mwisho. Walakini sisi twasema ya kwamba mlango wa butura haufunguliwi na mnunuzi. Wafunguliwa jikoni na sebuleni mwa muuzaji, miezi mingi kabla ya maua kutoka.

Tutazame kwanza hukumu yake. Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, alikataza kuuza matunda mpaka yaonekane kuwa yamefaa, akawazuia muuzaji na mnunuzi pamoja. Sababu aliyoitoa ni kwamba, Mwenyezi Mungu akiyazuia matunda yale yasiwe, muuzaji ataihalalishaje mali ya nduguye aliyokwisha kuila? Nasi watu wa Kagera yatupasa kuifahamu maana hii kuliko wengi. Tuliuona mnyauko wa kahawa ukiikausha mibuni katika miaka ya 1990, kisha ukaja mnyauko wa migomba katika miaka ya 2000. Na tarehe 10 Septemba 2016 ardhi ilitetemeka, nyumba zikaanguka, na watu wakafa. Nani basi ajuaye maua ya leo yatakuwa nini kesho?

Atasema mwenye kusoma kidogo: Je, hii si salam, biashara ya kulipa kwanza na kupokea baadaye, nayo Mtume aliwaruhusu watu wa Madina? Kweli aliiruhusu, lakini kwa sharti: kipimo kijulikane, uzito ujulikane, na muda ujulikane, na thamani yote ilipwe pale pale. Wanazuoni wengi wakaongeza ya kwamba isifungwe na miti ya shamba moja maalumu, kwani miti ile yaweza kukosa kuzaa. Mtu auzaye mibuni ya kibanja chake mistari mitatu hana salam hapo. Na yule auzaye gunia, hata akitimiza kila sharti, bado aliiuza shida yake kwa mtu aliyeijua shida hiyo.

Sasa twende kwenye mzizi. Kahawa yetu huvunwa kwa wingi kuanzia Mei na Juni hata Septemba. Fedha huingia kwa mkupuo, nasi huila kwa mkupuo. Julai bwana anunua redio kubwa, Agosti abadili simu, Septemba achangia harusi tatu kwa fahari. Novemba senene wa kwanza waja, nao hununuliwa ghali kwa kuwa ni wa kwanza. Subiri siku chache, wakijaa sokoni bei itashuka. Desemba jamaa warejea kutoka Dar es Salaam na Mwanza, na hakuna apendaye kuonekana mnyonge mbele ya wageni. Januari shule zafunguliwa: sare, madaftari, viatu, mchango wa chakula. Hapo mfuko u mtupu, na mibuni kibanjani imo katika maua au matunda machanga. Je, mtu huyu atakwenda wapi, illa kwa mnunuzi wa butura, au kwa mkopo wa riba ambao watu wenyewe wameuita kausha damu?

Na liko jambo moja ambalo wachache hulihesabu. Mwaka wetu wa Hijra ni mfupi kwa siku 10 au 11 kuliko mwaka wa kizungu, hivyo Ramadhani hurudi nyuma kila mwaka. Mwaka 2025 iliingia mwanzo wa Machi. Miaka inayoufuata yaingia Februari, kisha Januari. Maana yake ni kuwa katika miaka hii funga na Idi zaziangukia siku zile zile za ada na sare, mbali kabisa na fedha za kahawa. Asiyeiwekea Ramadhani fungu tangu Agosti ataifuturu kwa deni. Na ajabu yetu ni kubwa: mwezi wa kupunguza kula ndio mwezi tunaonunua chakula kuliko miezi yote, sukari, mchele, tende, mafuta, hata mtu amalizapo funga awe amenenepa na kibanja chake kimekonda.

Tuichukue sukari peke yake. Tuseme kilo ni shilingi 3,000, na nyumba yatumia robo kilo kwa siku. Hiyo ni shilingi 750, na kwa siku 360 ni shilingi 270,000. Wakiipunguza nusu, chai ikanywewa na tangawizi badala ya kuwa sharubati, zimebaki shilingi 135,000. Na tuseme gunia la maua lauzwa shilingi 80,000, nalo wakati wa mavuno lingeuzwa 200,000. Basi sukari ya kikombe imeliokoa gunia zima, na ziada ikabaki. Vivyo hivyo dagaa: wavuvi huwavua kwa taa usiku wa giza, na mbalamwezi ikitoka huadimika. Mama mwenye akili hununua wakati wa giza, akawaanika vema, akawaweka. Na ni aibu, twaisema bila kuficha, nyumba iliyozungukwa na ndizi kumtuma mtoto dukani kila asubuhi kununua maandazi.

Lakini msidhani ya kuwa twawatupia wanawake mzigo huu. Kahawa katika nchi yetu yahesabiwa kuwa mali ya mwanamume; yeye huipeleka, yeye hupokea fedha, na mara nyingi mkewe hajui zimekuwa ngapi. Atapangaje matumizi ya kitu asichokijua kiasi chake? Hindi, mke wa Abu Sufyani, alipomshitaki mumewe kwa ubakhili, Mtume alimruhusu achukue katika mali yake kadiri ya kumtosha yeye na watoto wake kwa wema. Kitabu cha Mwenyezi Mungu, katika Sura ya Israi na ya Furqani, chakataza mambo mawili pamoja, israfu na uchoyo. Mume afichaye fedha kisha akazimaliza mjini amekusanya yote mawili.

Ama harusi na matanga, huko ndiko mali yetu iendako. Mtume alipomwoa Bibi Safiya, walima wake haukuwa na nyama. Ulikuwa tende, samli na maziwa yaliyoganda. Na alipouawa Jaafari bin Abi Talib, aliwaamuru watu wawapikie jamaa wa Jaafari, kwani msiba umewashughulisha. Sisi tumeipindua sunna hii: wafiwa ndio wapikao, majirani ndio walao, na arobaini ikifika mjane auza kahawa changa apate ng'ombe wa hitima. Twauliza, ni nani aliyemwamuru?

Nabii Yusufu, amani imshukie, aliwapangia watu wa Misri miaka saba ya neema kwa ajili ya miaka saba ya njaa. Sisi twaombwa miezi kumi na miwili tu. Siku ile ile fedha za kahawa zipokewapo, mume na mke na wakae pamoja na karatasi: kwanza madeni, kisha fungu la Januari, kisha la Ramadhani, kisha la ugonjwa, kila moja mahali pake, na kinachobaki ndicho kigawanywe kwa miezi. Fungu la shule liwe mahali ambapo mkono wa mtu mmoja haulifikii peke yake.

Yabaki neno kwa wanunuzi wa butura, ambao baadhi yao husali nasi safu ya kwanza. Biashara ile ya maua ya mti haikufungika kisharia. Haki yako ni rasilimali yako uliyoitoa, usidhulumu wala usidhulumiwe. Na kama mdeni wako yu katika dhiki, umpe muda mpaka mavuno, akurudishie shilingi zako 80,000 na gunia libaki lake. Nawe uliyeuza, usiile fedha ya mwenzio ukasema, Sheikh amesema haifai. Nenda kwake kabla ya Mei, mkiwa na mashahidi wawili, mkaandikiane upya.